Bunduki na Ulimi katika Kitabu cha Tippu Tip

Msomaji, kiko kitabu kidogo cha Kiswahili ambacho kila kijana wa Afrika ya Mashariki apendaye kujua habari za karne ya kumi na tisa yampasa akisome walau mara mbili. Jina lake ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Mwenyewe alikitunga katika uzee wake kwa kuhimizwa na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akaeleza kwa maneno yake safari zake, biashara yake na vita vyake. Brode alikitoa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1902 na 1903; mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akakitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mara ya kwanza kisome ili ujue yaliyotokea. Mara ya pili kisome ili ujue msimulizi wake ni mtu wa namna gani. Insha hii imekusudiwa kukusaidia katika usomaji huo wa pili.

Kitabu ni kama msitu, na aingiaye msituni yafaa ashike njia moja asije akapotea. Mimi nimeshika njia ya kitu kimoja kionekanacho kila mahali katika masimulizi haya, nacho ni bunduki. Watu wengi husema kwamba Tippu Tip alitawala nchi za Manyema na kando ya mto Kongo kwa sababu alikuwa na bunduki, na wenyeji walikuwa na mikuki na mishale. Habari hiyo ni fupi na nyepesi kushika, na kwa hiyo yapendwa. Lakini kitabu chake mwenyewe, kikisomwa kwa makini, chatoa ushahidi mwingine. Bunduki ilimfungulia Tippu Tip mlango; ulimi ndio uliomkalisha kitini.

Huenda msomaji wa Ogwedhi akauliza, Habari za Tabora na Kongo zatuhusu nini sisi wa Migori? Zatuhusu sana. Ogwedhi ni mahali pa mpakani, penye Mjaluo na jirani yake Mmaasai, na Mkuria hayuko mbali. Mtu wa mpakani hujua tangu utoto ya kwamba amani ya majirani huwekwa na silaha kwa kiasi fulani na kwa maneno kwa kiasi kikubwa zaidi. Tena katika nchi hiyo hiyo ya Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu pasipo udongo wala chokaa, wenye kuchunguza mambo ya kale wakidhani kwamba zimesimama tangu karne ya kumi na sita. Baadhi ya kuta hizo zapita kimo cha watu wawili, na milango yake ni midogo hata mwenye kuingia hana budi kuinama. Mwaka 1934 au 1834 mtu angepita hapo angaliziona. Na mwaka 2018 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Aliyejenga mlango mdogo namna ile alijua vema kazi ya silaha na mipaka yake. Basi na tuisome bunduki ya Tippu Tip kwa akili ya mjenzi yule.

Kwanza yatupasa kujua bunduki yenyewe, kwa maana asiyeijua atadhani ni kama hizi za askari wa leo. Zamani palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Baada yake ikaja gumegume, na baada ya gumegume ikaja bunduki ya fataki. Zote tatu ni za ukoo mmoja wa magobori, kwa kuwa hujazwa kwa kinywa cha mtutu. Mwenye gumegume humimina baruti kwanza, hutia risasi ya mviringo pamoja na kitambaa au karatasi, kisha hushindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu ukaao chini ya mtutu. Baada ya hapo hutia baruti kidogo katika kisahani kilicho ubavuni, karibu na kitundu kiingiacho ndani. Nyundo ya bunduki imeuma jiwe gumu, na jiwe hilo ndilo gumegume lenyewe. Akivuta kifyatuo, jiwe hupiga chuma, cheche huruka, baruti ya kisahani huwaka, na moto huingia kitunduni kuiwasha baruti ya ndani. Ndipo mlio husikika.

Hesabu basi kazi hiyo yote. Askari wa Ulaya aliyefunzwa sana aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Mvua ikinyesha, baruti hulowa na bunduki hugeuka kuwa rungu. Jiwe likichakaa, cheche hukosekana. Ndani ya mtutu mlikuwa laini, na upana wake ulikaribia milimita 19, hata risasi ilitoka ikiyumba. Kumlenga mtu mmoja aliye mbali zaidi ya hatua mia kulikuwa ni kubahatisha. Juu ya hayo, kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomfunika mpigaji asione mbele, na kumwonyesha adui mahali alipo. Moshi huo wa baruti uliendelea kuwasumbua watu muda mrefu. Mwaka 1914, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika hata Kisii, wengi wa askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki walikuwa wangali na bunduki za namna ya mwaka 1871, na moshi wake uliwafichua.

Silaha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika maghala ya Ulaya, na historia yake ina fumbo lifaalo kufikiriwa. Makoloni kumi na matatu ya Amerika yalipopigana na Mfalme wa Uingereza toka mwaka 1775, hayakuwa na mafundi wa kutosha wa kutengeneza silaha, kwa hiyo yakanunua gumegume popote zilipopatikana, kwa Wafaransa na kwa Waholanzi. Kisiwa kidogo cha St. Eustatius, milki ya Waholanzi katika bahari ya Karibi, kiligeuka kuwa soko kubwa la baruti na silaha mpaka Admirali Rodney wa Uingereza alipokiteka mwezi wa Februari 1781. Gumegume ya Kiholanzi, ikiwa begani mwa mkulima wa Marekani, ilipigania uhuru. Miaka isiyofika sitini baada ya vita hivyo kuanza, tarehe 21 Septemba 1833, Wamarekani walewale waliweka mkataba wa biashara na Sayyid Said. Katika mkataba huo mlikuwa na sharti la kwamba bunduki, baruti na risasi zikiletwa katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe kwa hiari. Basi pamoja na nguo ya merikani zikaja baruti na bunduki, zikaingia bara na misafara, na huko bara zikatumika kupata pembe na watumwa. Chombo kilikuwa kimoja. Huku kilivunja pingu, na huku kilifunga. Ukikumbuka hilo, msomaji, hutakubali kamwe kuambiwa kwamba chombo chenyewe ndicho chenye sifa au lawama.

Kadiri majeshi ya Ulaya yalivyobadili silaha zao, ndivyo nchi zetu zilivyopokea zile za kale. Jeshi la Uingereza lilianza kuacha gumegume na kushika fataki kwenye mwaka 1840. Baada ya 1860 majeshi makubwa yakaanza kushika bunduki zijazwazo nyuma. Kila badiliko liliacha mirundo ya magobori isiyo na mwenyewe, na wafanya biashara wakaipeleka mahali ambapo ingali na bei. Mji wa Liège katika Ubelgiji, nao, ulijaa mafundi waliotengeneza bunduki rahisi kwa ajili ya biashara ya Afrika. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza katika Unguja alikisia ya kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Hiyo ndiyo mvua iliyonyesha katika siku za Tippu Tip, na yeye alikuwa mmoja wa waliotega maji mengi kuliko wenziwe.

Sasa tufungue kitabu. Jina tu la mwandishi lina mlio wa bunduki. Yeye asema kwamba wenyeji walimwita Tippu Tip kwa kuigiza sauti ya bunduki zake zilipokuwa zikilia katika vita. Wengine wamesimulia kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Maelezo haya mawili hayana uzito mmoja mbele ya mhakiki. La pili ni la watu waliomtazama usoni. La kwanza ni la mtu aliyechagua jinsi atakavyo kukumbukwa. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Naye Tippu Tip, tangu jina lake, aivutia ngoma upande wa baruti. Litie jambo hili akilini, kwa sababu kisa baada ya kisa mwenyewe atatuonyesha, bila ya kukusudia, kwamba mambo yake makubwa hayakufanywa na baruti.

Kisa cha kwanza ni vita vyake na Nsama, mtawala wa Itabwa, mwaka 1867. Nsama alikuwa maarufu. Wafanya biashara waliomtangulia Tippu Tip walishindwa naye, na wazee walimwonya kijana huyu asiende. Akaenda, akaingia bomani, na humo ndani, penye maneno ya ukaribisho, mishale ikaanza kuruka. Tippu Tip mwenyewe alipigwa mishale mitatu. Fikiri maana yake. Katika muda wa kushindilia gobori mara moja, mpiga upinde hodari hutoa mishale mingi. Kama bunduki ingalikuwa na enzi ile iliyosifiwa, mkuu wa msafara asingalitoka na majeraha matatu. Bunduki zilishinda siku ile kwa sababu zilipigwa kwa pamoja, karibu sana, katikati ya watu waliosongamana, na kwa sababu mlio na moshi viliwatia hofu. Baadaye watu wa Tippu Tip walijifungia katika boma lile lile la Nsama, na kuta za adui zikawa ngao yao. Kwa hiyo ushindi ulikuwa na mama wawili, bunduki na boma. Na msimulizi amtaja wa kwanza kwa fahari, wa pili amtaja kwa kupitia tu.

Kisa cha pili ndicho kiini cha kitabu, nacho ni kisa cha Utetera. Tippu Tip aeleza jinsi alivyosikia njiani habari ya zamani, ya kwamba dada wawili wa mtawala wa Utetera walichukuliwa mateka na mtawala wa Urua, wasirudi tena. Kisha aeleza jinsi alivyoitumia habari hiyo. Alifika Utetera akajitangaza kuwa yeye ni wa uzao wa mmoja wa wale dada waliopotea, na kwa hiyo ni damu ya nyumba ya utawala. Mzee Kasongo Rushie, aliyekuwa na enzi siku hizo, alimkubali, akampa nchi. Nchi kubwa kuliko ile ya Nsama ilitwaliwa kwa kisa cha bibi aliyepotea. Hapakuwa na boma la kuvunja wala jeraha la kufunga.

Hapa ndipo utaona ubora wa mwandishi huyu. Mwingine angalitia chumvi, angaliapa kwamba maneno yake yalikuwa kweli tupu, au angaliomba radhi. Tippu Tip hafanyi hata moja. Atuwekea mbele yetu alivyosikia, kisha alivyosema, kisha alivyopewa, kama mfanya biashara aandikaye bei ya kununulia na bei ya kuuzia, akatuachia sisi wenyewe kupiga hesabu ya faida. Katika vitabu vya Kiswahili vya nathari vya wakati ule ni vichache sana vyenye uso mkavu namna hii. Ila usiishie kumstaajabia. Jiulize na upande wa pili: kwa nini mzee yule alikubali? Mtu asiye na macho atajibu kwamba alidanganyika. Lakini mtawala mzee aliyezungukwa na maadui, akimwona mgeni mwenye bunduki nyingi amekuja akiomba aitwe ndugu, ana sababu nzuri za kumkubali. Undugu ulimpa mgeni nchi. Ulimpa mzee nao walinzi. Yawezekana kwamba kila mmoja alijua alichokuwa akikinunua. Kitabu hakisemi hivyo, kwa maana msimulizi apenda kuwa mjanja peke yake. Ndiyo sababu yatupasa sisi tuyaseme kwa niaba ya mzee ambaye hakuacha kitabu.

Kisa cha tatu ni kifupi, nacho ndicho kitamu kuliko vyote. Katika mwezi wa Oktoba 1876 Tippu Tip alikutana na Henry Morton Stanley. Katika mazungumzo Stanley alijisifu ya kwamba anayo bunduki itoayo risasi kumi na tano. Tippu Tip aliuliza kama zote zatoka katika mtutu mmoja, akaambiwa ndivyo. Akaomba ipigwe aione. Stanley akakataa kuipiga bure. Tippu Tip asema kwamba moyoni alimwona mgeni kuwa mwongo. Alikuwa ameitazama bunduki ile, akaona mtutu mmoja, na chini yake kitu cha pili kama ufito, akadhani ndio mdeki. Basi naye akamjibu kwa uongo wa kiasi kile kile: akamwambia kwamba uko upinde katika nchi ya Rumami upachikwao mishale ishirini kwa pamoja, na kila mshale huua mtu wake. Hapo Stanley akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili mfululizo, kisha akatwaa bastola akapiga sita, akarudi akaketi. Watu wakastaajabu. Tippu Tip akauliza jinsi zinavyojazwa, akaonyeshwa.

Kichezo hiki kidogo chafaa kutazamwa neno kwa neno. Pwagu alipata pwaguzi: uongo wa upinde ndio uliomtoa Stanley barazani, baada ya ombi la adabu kushindwa. Kwa mara nyingine ulimi umefanya kazi. Lakini tazama zaidi ule mdeki. Mtu aliyeishi miaka yote kwa magobori hawezi kuona bunduki bila kuuona mdeki wake. Jicho lake limefundwa na chombo chake. Kile alichodhani ni mdeki ndicho kilichokuwa ghala la risasi. Katika kosa hilo la jicho umeandikwa mwisho wa zama nzima, na mwandishi ameuandika pasipo maneno makubwa. Hakusema, Hapo nilifahamu ya kwamba enzi yetu imekwisha. Alisema tu kwamba alidhani ni mdeki. Mwandishi asiyejua kazi angalitoa hotuba. Huyu alitupa ufito, nasi twaona yote. Ukitaka kujifunza kuandika, msomaji, kaa na ufito huo kwa muda.

Nimesifu vya kutosha, sasa nilaumu. Lawama ya kwanza ni ya hesabu. Tippu Tip asema Stanley alimwahidi riali 7,000 kwa kumsindikiza. Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1878 ataja 5,000. Hatuwezi kuwa mahakimu kati yao, ila twaweza kujifunza kwamba masimulizi ya mtu juu ya nafsi yake ni ushahidi wa upande mmoja, hata yakiwa na tarakimu. Tarakimu huvaa kanzu ya ukweli, lakini mwenye kuivalisha ni mtu.

Lawama ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Kitabu hiki kina majina ya watawala, majina ya wafanya biashara, frasila za pembe na idadi ya bunduki. Wale waliosimama mbele ya kinywa cha bunduki hawana majina. Watumwa wapita katika kurasa kama mzigo upitavyo forodhani: wahesabiwa, hawasemi. Ukitaka kujua jinsi risasi ilivyoonekana kwa aliyelengwa, huna budi kutafuta kwingine. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa katika soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa wafanya biashara walipowapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Si Tippu Tip aliyefanya tendo hilo, nami simtwiki. Lakini bunduki zile zilikuwa za biashara ile ile na za njia ile ile, na nchi ile baadaye ilikuwa chini ya mkono wake. Msomaji aliyekwisha kusikia kilio cha soko lile hawezi tena kuusikia mlio wa tip tip kama mchezo wa maneno.

Linganisha kidogo na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, uliochapishwa mwaka 1955. Wadachi hapa ni Wajerumani, usije ukawachanganya na Waholanzi niliowataja juu. Utenzi huo wasimulia vita vya mwaka 1888 na 1889, watu wa Mrima walipoinuka pamoja na Abushiri dhidi ya kampuni ya Kijerumani. Mtungaji asimama upande wa watu waliopigwa mizinga, na kwa hiyo silaha katika tenzi yake zina kishindo cha kuogofya. Kwa Tippu Tip silaha ni mali. Kwa Hemedi ni msiba. Mmoja ashika tako la bunduki, na mwingine atazama kinywa chake. Shule isomayo kitabu kimoja bila kingine itawafundisha vijana wake nusu ya habari.

Nao mwisho wa Tippu Tip waonyesha ya kwamba mwenye bunduki naye ana bwana wake. Mwaka 1887 alipatana na Stanley kuwapata wapagazi wa safari ya kumwokoa Emin Pasha, akakubali pia kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mapatano ya wapagazi yalikuwa na sharti la baruti: Stanley ndiye wa kuitoa. Baruti ilipokosekana kama ilivyotakiwa, mambo yakaharibika, na kila mmoja akamtupia mwenziwe lawama. Mtu aliyeitwa kwa mlio wa bunduki alisimama akingojea baruti ya mgeni. Gobori ni lako. Baruti ni ya mwenye meli.

Miaka mitatu baadaye jambo hilo likawa sheria. Mnamo tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipiga marufuku kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kweli silaha zilikuwa ndio mkono wa biashara hiyo. Lakini waliacha nafasi moja: gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuruhusiwa. Maana yake ni dhahiri. Kilichoruhusiwa ni kile kisichoweza kumtisha askari wa Ulaya. Na lugha yetu, ambayo haina haraka lakini haisahau, imetoa hukumu yake: hata leo mtu mwenye umbo lakini asiyefaa kazi huitwa gumegume.

Twaweza sasa kutoa neno la mwisho juu ya kitabu. Kama historia, kisomwe pamoja na vingine, kwa maana peke yake chapendelea. Kama nathari ya Kiswahili, ni cha daraja ya juu: sentensi zake ni fupi, mwendo wake ni wa mtu aliyezoea kutembea mbali, na msimulizi wake haombi kupendwa. Kama fundisho, hukumu yake yapingana na fahari ya mwandishi wake. Alidhani ametuachia habari za bunduki. Ametuachia habari za maneno, ya undugu uliodaiwa, ya upinde uliobuniwa, ya mapatano yaliyovunjika. Bunduki zake zote zimekula kutu. Maneno yake twayasoma.

Basi wewe kijana wa Ogwedhi, au wa popote usomapo haya, ukiambiwa kwamba watu fulani walishindwa kwa kuwa hawakuwa na bunduki, usikatae upesi wala usikubali upesi. Uliza ilikuwa bunduki ya namna gani, na ilijazwa kwa muda gani. Uliza baruti ilitoka kwa nani. Uliza nani alikuwa amegombana na nduguye hata mgeni akapata pa kuingilia. Zaidi ya yote uliza ni nani anayesimulia, na ni nani aliyenyamazishwa katika masimulizi yake. Maswali hayo manne hayana mlio wala moshi, lakini mwenye kuyajua hatatishwa na kitabu chochote.